Donati Alivyomleta Bibi Arusi kwa Vitesi ya Kwanza

Uvira, Nyamianda
Jumatano

Yaya wangu mpenzi Anastazia, mkubwa wangu wa tumbo moja,

Barua hii ikukute umeketi. Usiisome ukiwa umesimama jikoni, maana ni ndefu na chakula kitaungua. Mgongo wako unaendeleaje? Na shemeji, mguu wake ulipona ama bado anauburuta? Huku sisi wote tuko wazima. Upepo wa ziwa unanipa kikohozi kidogo asubuhi, lakini si kikohozi cha kunizuia kusema, na leo niko na mengi ya kusema.

Tangu nilipopanda meli hapo Mpala kumfuata marehemu mume wangu kwenye kazi ya bandari ya Kalundu, barua zangu nyingi zilikuletea kilio. Hii hapana. Hii ni barua ya kujivuna, ninakuambia mapema. Masista walitufundisha kuandika, hawakutufundisha kunyamaza.

Donati wetu ameoa. Amemuoa Veneranda, binti wa Katogota, mrefu, mpole, mwenye meno mazuri. Najua ulitaka kuwapo, na njia ni mbali. Basi acha nikueleze alivyomleta, kwa sababu mji mzima wa Uvira bado unasimulia, na wanasimulia vibaya. Minye mwenyewe nilikuwa ndani ya gari.

Unajua Donati ni shofere wa muzungu anayepima udongo wa mashamba ya pamba. Usilolijua ni gari anayoendesha. Ni kamionete ya Amerika, gari ndogo ya kubeba mizigo, inapita kwenye matope na mawe mahali gari zingine zinalia. Na haina ambreyaji, Yaya, ile pedali ya kukanyaga ukibadilisha mwendo. Mguu wa kushoto wa shofere umekaa bure. Vitesi, zile gia za mwendo, zinabadilika zenyewe ndani ya sanduku lao, kwa nguvu ya mafuta, na shofere anashika tu kijiti kidogo kwenye usukani. Mashofere wengine wa hapa wanaiogopa. Wanasema gari inayojifikiria yenyewe iko na shetani. Donati anasema haina shetani, iko na tabia, na muntu akiijua tabia yake watasikilizana. Bwana wake alimwazima gari siku moja tu, Ijumaa, kwa ajili ya kumleta bibi arusi, kwa kuwa misa ilikuwa Jumamosi.

Tulifika Katogota asubuhi. Tulipokelewa vizuri, tukakaribishwa tule. Kabla ya kwenda kula, Donati alifungua mlango wa gari, akafunua mkeka wa miguu. Hapo chini kuna tundu, na ndani ya tundu kuna kijiti cha kupimia mafuta ya sanduku la vitesi. Akakichomoa, akakifuta, akapima, akaongeza kidogo kutoka bidoni yake ya mafuta, akafunika. Hivyo anafanya kila siku.

Sasa lazima nikuambie juu ya Mama Veneranda. Wewe unajua, hata kwetu mwanamume hamzoei mama wa mke wake. Lakini watu wa bonde hili wanaishika desturi hiyo kwa nguvu. Mkwe hamtazami usoni, hasemi naye mdomo kwa mdomo, na hata akimwona njiani anaingia kwenye majani. Neno likiwapo linapita kwa muntu mwingine. Zamani mama hakuwa anasindikiza bibi arusi, siku hizi anakuja kwa ajili ya misa. Basi walimfungia kitenge kama pazia nyuma kwenye kamionete, akaketi nyuma ya kitenge na wanawake wenzake na bibi arusi. Minye nikakaa mbele na Donati. Katikati yetu na wao kulikuwa na kidirisha kisicho na kioo. Tulikuwa tunasikiana hata tukipumua, lakini Donati na mama yake mkwe walikuwa kama watu wa nchi mbili.

Wakati wa kuondoka, shangazi wa binti, mwanamke mfupi mwenye sauti kubwa kuliko yeye, akasimama mbele ya gari.

"Mkwe, sikia. Kwetu bibi arusi hatazami nyuma. Akikanyaga tena kwa baba yake kabla ya kufika kwa mume, amerudi. Mahari yanarudi, maneno yamekwisha, hata kama padri ameshavaa. Umesikia?"

"Nimesikia, shangazi."

"Mimi sisemi kwa kutisha. Dada yangu alirudishwa hivyo, na mpaka leo anauza ndizi."

Watu wakacheka, lakini minye nilimtazama usoni. Hakuwa anacheka.

Tulienda vizuri mpaka tukapita Luberizi. Hapo gari ikaanza mambo. Mota inapiga kelele, gari haiendi. Halafu inaruka mbele kama mbuzi aliyechomwa mwiba, sote tunapiga vichwa. Halafu inatafuta vitesi, inapanda, inashuka, inapanda tena, haipati mahali pa kukaa.

"Mkwe," shangazi akaita kwenye kidirisha, "gari yako iko na kwikwi. Labda imekunywa."

Nilimwona Donati ametega sikio, na mdomo wake umefungwa sawasawa na wa marehemu baba yake alipokuwa anasikiliza mashine ya meli.

Tukafika mto Runingu. Mvua ilikuwa imebeba mbao za daraja, watu wanapita pembeni, kwenye mawe, ndani ya maji. Tukaingia. Katikati ya mto gari ikasimama. Mota inanguruma, magurudumu kimya. Maji yanapita chini yetu, yako karibu na mlango. Donati alisogeza kijiti cha usukani mbele, nyuma, mbele. Hakuna kitu.

Nyuma kukawa kelele. "Basi," shangazi akasema, "tushuke. Njia ya Katogota tunaijua kwa miguu. Funga nguo, Veneranda." Nikasikia wanawake wanajifunga vitenge. Nilijua wakirudi ile ng'ambo tuliyotoka watafika mpaka kwa baba yake, na mtoto wangu hana mke.

Ndipo nikasikia sauti ndogo chini ya shela. "Shangazi, minye sishuki."

"Unasema nini?"

"Nimesema sishuki. Maji ni baridi."

Donati alicheka kidogo, kile kicheko cha puani. Akaniambia, "Mama, inua miguu." Akafunua mkeka, akafungua tundu. Yaya, kabla hajachomoa kijiti nilishajua. Harufu iliyotoka pale haikuwa ya garaje. Ilikuwa ya jikoni, mawese yanapoanza kupata moto kabla hujatia kitunguu.

Alipochomoa kijiti kilikuwa na mafuta mekundu yenye povu, kama yamepigwa na mwiko. "Nusa," akasema.

"Mawese."

Alifumba macho kidogo. Kisha akasema polepole, "Mama, uulize huko nyuma, kwa adabu, kama kuna muntu aliyelisha gari."

Nikageuka kwenye kidirisha. "Wamama, Donati anauliza kama gari ilipewa kitu kule nyumbani."

Nyuma ya kitenge Mama Veneranda akajibu mara moja, na kwa fahari. "Mwambie ilipewa. Mkwe anakuja kumchukua mwanangu, gari yake iko na kiu, niiache? Nilikuwa nyuma ya migomba, nikaona kijiti chake, nikaona mafuta mekundu yako karibu kwisha. Walipokuwa wanakula, nikaipa mawese ya kwanza, niliyoyakamua kwa mikono yangu, nikayachuja kwa kitambaa safi. Mwambie sikuipa mabaki."

Maana mafuta ya sanduku lile nayo ni mekundu, Yaya. Wazungu wanaoyatengeneza ndio waliotia rangi hiyo, sijui juu ya nini. Na muntu aliyezaliwa kwenye michikichi akiona mafuta mekundu, afikiri nini kingine?

Nikamtazama mwanangu. Namjua. Akiona muntu ameweka hata kidole mahali pasipofaa kwenye gari ile, anapiga kelele mpaka ng'ambo ya barabara. Alijifuta mikono. Akasema bila kugeuza kichwa, na sauti yake ikapita kidirishani:

"Mwambie mama ninashukuru. Gari haijawahi kula hivi, imeshiba, inataka kupumzika kidogo. Uulize chupa ilikuwa ya namna gani."

"Ya bia," kitenge kikajibu.

"Uulize kama ilijaa."

"Mwambie simpi mkwe wangu chupa nusu."



Donati akanieleza kwa sauti ya chini. Mafuta ndiyo yanayosukuma na kubana mambo ndani ya sanduku. Yakizidi yanapigwa yanakuwa povu, na povu halisukumi kitu. Na mawese, wewe mwenyewe unajua yanavyoganda kwenye kibuyu asubuhi. Maji ya mto yalikuwa yanapoza tumbo la sanduku. "Nipunguze yaliyozidi, niyape moto," akasema, "halafu yasipoe tena mpaka nyumbani."

Akachukua mpira mwembamba, akautia ndani ya tundu, akavuta kwa mdomo. Mara ya kwanza yakamjaa mdomoni, akatema mtoni.

"Anakunywa nini?" shangazi akauliza.

"Anaonja mawese ya mama mkwe," nikamwambia.

Wakacheka mpaka gari ikatikisika. Na walipocheka nilijua wamekaa tena. Donati akatoa mafuta mpaka akaona yanatosha, akatia yale ya haki yaliyobaki kwenye bidoni. Kisha akaweka kijiti cha usukani katikati, mahali gari haivuti popote, akaacha mota ingurume taratibu. Tukangoja. Alikuwa ameweka mkono kwenye sakafu, juu ya sanduku, kama muntu anayepima homa ya mtoto. Alipoona joto limepanda, akavuta kijiti kingine, kinachoyapa nguvu magurudumu ya mbele, akasukuma kijiti cha usukani mpaka mwisho, kwenye vitesi ya chini kabisa. Akakanyaga polepole sana. Gari ikatetemeka. Ikauma mawe. Ikatoka majini kama kiboko mzee, bila haraka.

Wanawake walipiga vigelegele. Donati hakuondoa mkono kwenye kijiti.

"Sasa iachie iende yenyewe," nikamwambia.

"Hapana, mama. Nikiiachia ichague, itachagua vibaya. Leo ninaichagulia. Vitesi ya kwanza mpaka Nyamianda. Na waambie nyuma hatusimami mahali, tukisimama inapoa."

Hilo ndilo likawa neno gumu. Kule Kiliba ndugu za binti walikuwa wanangoja barabarani na zawadi, na desturi ni bibi arusi asimame, anywe maji, abarikiwe. Shangazi akaanza tena. Lakini Yaya, gari ya vitesi ya kwanza inakwenda kama muntu anayewahi misa. Wale watu walipoona hatusimami, wakatembea nasi. Wakaimba pembeni ya magurudumu, wakamnyweshea binti maji kwa kata huku wanakimbia kidogo, wakapandisha vikapu na kuku juu. Babu mmoja alimbariki mpaka pumzi zikamwisha, akabaki nyuma anapunga fimbo.

Na hivyo ndivyo tulivyoingia Uvira. Polepole, mota inanguruma kwa heshima, watu wakiwa mbele na nyuma. Wake za wafanyabiashara walitoka milangoni. Nikasikia mmoja anasema, "Tazama adabu ya kijana yule. Wengine wanawaleta bibi arusi mbio kama wameiba. Yeye anamleta kama maandamano ya Ekaristi." Nikamsalimu kwa kichwa kutoka dirishani. Sikumsahihisha muntu. Kwa nini nimsahihishe?

Veneranda alikanyaga uwanja wangu jua bado liko juu ya milima. Shangazi alishuka wa mwisho, akazunguka gari, akalipiga teke gurudumu moja. "Imefika," akasema. Basi.

Baada ya misa Donati alimwendea bwana wake mwenyewe, akiwa bado na suti ya arusi. Akamwambia kwenye sanduku kuna mawese. Bwana akawa mwekundu.

"Nani ameyatia?"

"Minye, bwana."

Nilikuwa nimesimama pale na sahani ya wali, na mguu wangu ulitaka kwenda kusema. Donati alinitazama jicho moja tu, nikabaki mahali pangu. Bwana alisema mengi kwa Kifaransa. Neno la mwisho lilikuwa la Kiswahili: asafishe sanduku lote peke yake, na Jumanne gari isipokwenda, arudi kubeba miti ya kupimia mashamba, kazi yake ya zamani.

Gari ilikwenda, nikuambie upesi usije ukakaa na wasiwasi. Jana imekwenda mpaka Katogota na kurudi, vitesi zinabadilika zenyewe laini kama siagi, na bwana amesema vizuri. Lakini ninalotaka ulijue ni la Jumatatu.

Siku hiyo Donati alikuwa amelala chali chini ya gari uani pangu, miguu tu ndiyo inaonekana. Bwana arusi wa juzi. Alikuwa ananiita nimpe vyombo, na minye nilikuwa nimeingia ndani kutazama sufuria. Mama Veneranda alikuwa amekaa nyuma ya nyumba. Binti yake alikuwa amemwambia yote asubuhi hiyo, ya bwana na ya "minye, bwana". Tangu hapo hakula.

"Mama," Donati akaita, "nipe ule ufunguo mdogo."

Nilipotoka mlangoni nilimkuta Mama Veneranda amepiga magoti pembeni ya gurudumu, amejifunika kitenge mpaka machoni. Aliutafuta ufunguo kwenye mchanga, akaupata, akaupitisha chini ya gari. Mkono wake tu ndio ulioingia. Donati akaupokea. Mikono yangu anaijua, Yaya, na mkono ule una kucha zenye rangi ya mawese. Akaisukuma taa nje, mpaka karibu na mkono ule.

"Mama," akasema, "shika na taa."

Akaishika, mpaka kazi ikaisha.

Msalimie sana shemeji. Msalimie Paulina, mke wa kaka yetu, na umwambie mtoto wa wifi yake si shofere tu. Msalimie katekista aliyembatiza Donati, na yule mama jirani anayenitunzia shamba la mihogo. Wasomee barua hii kwa sauti, hasa mahali pa mto.

Mimi ndugu yako mdogo, ninayekupenda,
Mama Donati, na sasa mama mkwe wa Veneranda