Mlango wa Moto Wako huko Limuru

Mjukuu wangu Mwende,

Hapa Kanyangi tu wazima, na mbaazi zimetoa maua. Mume wangu, niliyefunga naye ndoa mwezi uliopita, bado ananiita bibi harusi hata mbele ya kuku! Lakini ni mlinzi kule Mtito Andei na hurudi Jumamosi tu.

Umeuliza uweke mlango gani kwenye meko ya ukutani unayoota moto hapo kwako. Nikiwa msichana nilifanya kazi ya nyumba hukohuko Limuru. Jioni ya kwanza nilifunga mlango wa chuma na bomba la moshi, makaa yakiwaka, kama baba, mchoma makaa, alivyofunika tanuri lake kwa udongo. Moshi ukarudi ndani. Mtoto wa mwenye nyumba akalegea. Tulimkimbiza nje, na alipolia ndipo mama yake akaniuliza, "Wewe, ulitaka kutugeuza makaa?"

Chukua mlango wa kioo kinachostahimili moto, wenye tundu la hewa unaloweza kulipunguza, na kuni zitadumu. Bomba usilifunge kabla majivu hayajapoa.

Tena kioo kitakupa kitu cha kutazama, kwa kuwa unaishi peke yako. Mimi hutazama barabara mpaka Jumamosi.

Susu yako, bibi harusi