Mama Mkwe wa Runinga, Hatimaye Umesamehewa

Mwaka mzima umekatika, Mama Mdogo, tangu asubuhi ile ulipotutoka, na habari za kukupa zimenijaa mdomoni. Familia imenipa mimi kazi ya kuandika kwa vile nimesoma chuo. Baba Mdogo kasema niandike kwa ufupi. Ufupi nitautoa wapi, na nimekaa kwako miaka yote ile?

Kwanza asante. Asante kuanzia lile tangazo la sabuni ulipoonekana mikono tu, na Bibi akaita majirani waje waione mikono ya mwanawe. Asante kwa kukubali kuwa mama mkwe katili wa tamthilia ya jioni. Watu walikuchukia, jamani! Sisi tukala kwa chuki hiyo, tukavaa, tukasoma.

Sokoni ndiko tulikokoma. Muuza nyanya alikataa kukuhudumia.

"Kwanza kamrudishie yule binti mtoto wake!"

"Simrudishii. Nipimie kilo mbili."

Alicheka mpaka akakuongezea.

Halafu ule mtindo wako wa kujifunza maneno ya kazi. Kukaa chini na karatasi, hapana. Ulikuwa unayajaribia kwetu sisi, katikati ya shughuli. Fundi bomba kainama chini ya sinki, ukamgeukia: "Toka nyumbani kwangu na ukoo wako wote!" Akatoka kweli, spana kaziacha. Ukamkimbilia mpaka barabarani, mwiko mkononi, "Rudi baba, naigiza!" Kukuona na ule mwiko, ndiyo akazidi mbio. Ndiyo maana humu ndani tukifokewa tulikuwa tunauliza kwanza: "Ni wewe au ni kazi?"

Mimi ulinifanya mkwe wako wa mazoezi. Wewe unakatakata vitunguu na kunikaripia, mimi nalia. "Lia vizuri," unasema, "hayo ni mafua."

Sasa sikia habari yenyewe. Ile filamu yako ya mwisho, na ile sehemu uliyoisubiri maisha yako yote ya kazi: mama mkwe anapiga magoti, anamwomba mkwe wake radhi. Siku mliyorekodi, mvua ilipiga bati, sauti yako ikamezwa, ukaambiwa utairudia studio. Hukuwahi.

Juzijuzi mwongozaji katuita. Eti anaikata. Kajaribu waigizaji kadhaa wakuwekee sauti, kila mmoja midomo yako inamkataa. Mama yangu akavua miwani.

"Mdogo wangu kawa mbaya kwa watu miaka yote hii. Mara moja tu kawa mwema, na hiyo ndiyo mnaikata?"

Nikajisikia nasema, "Nipeni mimi nijaribu." Baba Mdogo akaniangalia kama nimesema nitaendesha ndege.

Nikavaa hedifoni, nikakuona kwenye skrini, nikasoma kama ilivyoandikwa: "Nisamehe, mkwe wangu." Ikagoma. Mara ya pili, ikagoma. Nikakuangalia midomo, nikapiga kelele humo studio: "Hakusema mkwe! Kasema mwanangu!" Si uliniambia mwenyewe jikoni, kwamba hilo neno "mkwe" halitamkiki mtu akiwa analia? Ukalibadilisha, hukumwambia mtu, na wote walikuwa wanasoma karatasi.

Nikasema, "Nisamehe, mwanangu. Nilikuwa naogopa kubaki peke yangu." Ikakaa pale pale. Sauti ilikuwa yangu, ila kila pumzi ulinifundisha wewe. Fundi sauti akageuka ukutani kidogo. Hawakuikata, Mama Mdogo! Hawakuikata!

Jumamosi tumeiona, ukumbi umejaa. Ukapiga magoti, ukaomba radhi. Mara mama mmoja nyuma yetu, hata hatumjui, akasema kwa sauti, "Basi mama, inuka. Tumekusamehe." Ukumbi mzima ukapiga makofi. Bibi akasimama akawapungia mkono, kana kwamba kaigiza yeye.

Unakumbukwa na mumeo, ambaye amekwenda kuiangalia tena peke yake akidhani hatujui. Na Bibi, mama yako mzazi. Na mama yangu, dada yako. Na wanao wawili, Kaka Mrefu na Kitindamimba. Na mimi, mtoto wa dada yako, ambaye mwongozaji kaniita tena wiki ijayo, kwa kazi yangu mwenyewe.

Asante, Mama Mdogo. Kukusahau hatuna mpango, leo wala siku yoyote.