Siri ya Udi na Ruzuku ya Ugenini

Jumanne. Mvua imepita asubuhi, baraza ya nyumba yetu hapa Mji wa Kale bado imelowa.

Keshokutwa nina mahojiano ya mwisho kwa video. Serikali ya nchi moja ya baridi huko Ulaya inatoa ruzuku kwa wageni wanaotaka kufungua kampuni kwao, na miongoni mwa waliobaki kwenye mchujo nimo mimi na udi wangu wa kupika, ule wa kufukiza nyumba. Sharti lao ni kwamba ukipewa, unahamia huko na kampuni unaisajili huko huko. Ukitaka kubaki Mombasa na kuwatumia udi tu, hawakupi kitu.

Jana wameandika kwamba wanataka nipike mbele ya kamera.

Nami sijui kuupika.

Najua kuponda vipande vya udi, kuchagua sandali, kufunga pakiti na kuuza mtandaoni. Kwenye maombi niliandika "udi wetu", wao wakaelewa ni wangu, nami sikuwasahihisha. Lakini shira ya sukari ikifika pale pa kutiwa marashi, Mama hunitoa jikoni na kufunga mlango. Kwetu siri ya udi hupewa binti anapokaribia kuolewa. Dada yangu Rukia alipewa wiki ya harusi yake, kabla ya kuhamia Bondeni kwa mumewe. Mimi sijaolewa, na kwa mwendo huu sioni dalili.

Nilimpigia Rukia simu. Akacheka hadi akakohoa, kisha akasema hathubutu, nikamwombe Mama mwenyewe.

Kumwomba Mama ni kumwambia kwamba nahama, na hilo nimemficha tangu nilipotuma maombi. Najiambia naogopa kijicho, kwamba safari haisemwi mpaka iwe, na kila mtu hapa hufanya hivyo. Lakini kijicho cha mamangu mzazi? Nilichoogopa ni uso wake. Tangu Baba afariki, nyumba nzima tumebaki wawili.

Leo Mama alipokwenda Marikiti nikajaribu peke yangu. Shira ya kwanza ikaungua. Ya pili ikakataa kushika. Nimesimama na mwiko, moshi umejaa mpaka kwenye ngazi, Mama akaingia na kikapu chake. Hata hakuitazama sufuria. Aliuliza ile sweta nzito iliyo kabatini mwangu ni ya nini, maana Mombasa hii hakuna wa kuivaa.

Kumbe alikuwa ameiona siku zote.

Nikamwambia yote, huku nalia kama mtoto. Akasikiliza akitoa ndimu kikapuni. Akauliza kama huko nitakuwa na jirani. Akauliza kama watu wa huko wanajua chetezo cha kufukizia udi ni kitu gani. Nikamjibu sijui, yote mawili. Akaendelea kupanga ndimu mpaka nikadhani ndiyo basi, siri hanipi. Na nakiri, hapo roho yangu ilitulia kidogo.

Kisha akaisukuma kando sufuria iliyoungua, akatoa nyingine.

"Mwanangu, hebu funga huo mlango," akasema.

Nikaufunga, nikiwa ndani kwa mara ya kwanza maishani. Alinionyesha, halafu akanipa mwiko nirudie, mkono wake juu ya wangu. Nilichoonyeshwa sikiandiki hapa. Kaniagiza keshokutwa nikifika pale pa marashi, kamera niigeuze itazame ukuta. Wasipokubali, ruzuku yao wabaki nayo.

Sasa ni alasiri. Udi uko kwenye sinia karibu na dirisha, unakauka vizuri, na nyumba inanukia kama kuna harusi. Mama amejilaza chumbani, anasema moshi umemwingia machoni.

Kumbe siku zote nilikuwa nimejiwekea pa kutokea: nikishindwa, nitasema Mama hakunipa siri. Nilikuwa na wa kumlaumu. Sasa siri ninayo, ruhusa ninayo, na hofu ni ile ile, ila leo ni yangu peke yangu.

Wakinikataa, nitapata fedheha na itapita. Wakinikubali je?

Nikienda, huo mlango wa jikoni Mama atamfungia nani?