Tambi za Mkorea, na Jina Nililolificha

Shangazi,

Nimechoka. Naanza na hilo kwa sababu wewe hukupendaga mtu azunguke maneno. Tangu tukuzike Nyegina ni miezi minne, na grosari yako ya Nyakato, hapa Musoma, naiendesha mimi. Asubuhi sokoni, mchana kukata kabichi, jioni nasimama mbele ya jiko mpaka miguu inavimba. Sikujua kwamba ulikuwa unafanya yote hayo ukiwa mgonjwa. Ulisema ni kiungulia tu.

Bati la jikoni limetoboka. Wateja wa kiwandani wamepungua. Na duka la kona siku hizi linauza hata sosi ya soya. Sosi ya soya, Shangazi! Sisi tuliokula unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano ya msaada, na kupanga foleni kwa kipande cha sabuni. Nikiiona pale rafuni nakutafuta nikuoneshe.

Nakumbuka siku Bwana Paki alipoingia mara ya kwanza, yule Mkorea fundi wa mitambo ya barafu pale kiwanda cha samaki. Aliagiza bia, ukampa na karanga. Akazitazama karanga kama mtu aliyeletewa mawe. Kesho yake akaja na pakiti za tambi nene na kopo la pilipili nyekundu ya kwao, akaomba jiko kwa ishara za mikono. Kiswahili chake kilikuwa maneno mawili, "moto" na "bado". Akachemsha tambi, akazisuuza kwa maji baridi, akapasha karai mpaka likatoa moshi. Vitunguu, karoti, kabichi, minofu ya sangara, kisha tambi na ile pilipili ya kopo, anageuza haraka haraka. Ulipotaka kuepua mapema alikupiga kidogo mkononi. "Bado! Moto!" Nikadhani utamfukuza. Ukacheka mpaka ukashika mbavu.

Sahani moja katikati ya meza, kila mtu na uma wake, bia pembeni. Si chakula cha kushiba, ni cha kunywea. Muda si mrefu watu wakawa wanatoka mpaka mjini kati kuulizia tambi za Mkorea.

Bwana Paki akaondoka, kopo likaisha, ukahangaika wiki nzima. Ukatwanga pilipili kavu, kitunguu saumu na ufuta, ukatia sukari na siki. Ulinionjesha mpaka ulimi ukafa ganzi. Siku ulipopatia ulifunga mlango wa jiko ukaniambia, "Hii ni yetu, Nyangeta. Isitoke humu."

Nami nikaitoa.

Unajua tulivyogombana. Nilikuwa mtu mzima na bado hukuniachia karai, kazi yangu kukata tu. Nikahamia Bunda, kwenye hoteli ya yule mama wa stendi, na wiki ya pili nikawa napika tambi zile zile. Watu wakiuliza nimejifunzia wapi, nasema Mkorea alinifundisha mimi. Jina lako sikulitaja hata mara moja.

Halafu mchana mmoja nikainua macho, wewe hapo, meza ya mlangoni, umejifunga kitenge chako cha safari. Uliagiza tambi na soda kama mgeni yeyote. Nikaunguza vitunguu. Ulikula taratibu, ukamaliza. Nilisubiri unitukane mbele ya watu. Ungenitukana ningeshukuru. Ukafuta mdomo ukasema, "Sukari imezidi kidogo. Punguza." Ukatoka kuwahi basi la Musoma.

Sikukukimbilia. Nilisema nitakuja Pasaka nipige magoti. Pasaka ikafika, nikasema mwezi ujao. Kisha jirani yako Mama Sabina akatuma ujumbe, njoo haraka. Nilifika umeshafunikwa shuka.

Sasa sikia. Juzi Bwana Paki amerudi, kiwanda kimemwita tena. Kiswahili kimemwingia siku hizi. Aliingia akiita, "Mama! Niko hapa!" Nikatoka mimi. Nilipomwambia umefariki alikaa, akavua kofia akaiweka magotini. Baadaye akaomba tambi.

Nimezipika mara ngapi, Shangazi, lakini siku ile nilipima sukari kama dawa. Akala. Akauliza, "Nani amekufundisha?" Meza ya pili walikaa madereva wawili wa Bunda, walewale waliokuwa wakinisikia nikijisifu kule. Ningeweza kujibu kwa sauti ndogo. Nikasema kwa sauti, "Shangazi yangu. Wewe ulimfundisha yeye, yeye akanifundisha mimi. Kule Bunda nilikuwa nasema uongo."

Dereva mmoja akacheka. Mwenzake akaangalia chini. Bwana Paki akamimina bia kwenye glasi, akaishika kwa mikono miwili, akaiweka mbele ya kiti kisichokuwa na mtu. Hakuna aliyeigusa. Niliingia jikoni nikalia, na moshi ulinisitiri.

Nilidhani nikishasema nitajisikia mwepesi. Wala. Ninachosikia ni uchovu, na aibu ambayo sasa angalau ina jina. Ulikuja mpaka Bunda, Shangazi. Ulipanda basi ukiwa unaumwa, ukala chakula nilichokuibia, ukanirekebisha sukari. Mimi nikashindwa hata kutoka mlangoni.

Jumapili hii nitafunga grosari, jambo ambalo wewe hukulifanya hata siku moja. Nitakuja Nyegina na jembe, nipalilie majani yaliyoota juu yako, halafu nikae hapo chini mpaka jua lishuke. Hayo mengine tutayamaliza tukiwa wawili.

Pumzika, Shangazi.

Binti wa kaka yako,
Nyangeta