Kabati Lililolala Kama Mchoro Wako

Ndugu yangu mdogo,

Huko Naivasha unakochora mabomba ya mvuke, najua wakubwa wako wanakusifu. Mimi sikusifu. Nimefika Mombasa, nimefika Kampala, nimechomelea mageti ya watu wazito, na sijawahi kumwonea mtu wivu ila wewe na hiyo penseli yako.

Unakumbuka lile kabati la chuma? Ulilichora sakafuni kwa chaki, bila rula: mistari ya pembeni wima, ya chini ikipanda kulia na kushoto, ili mteja aone mbele, ubavu na juu kwa mara moja. Ukaenda chai. Mimi, fundi wa mataifa, nikapima pembe zako, nikakata chuma vile vile zilivyoinama. Uliporudi, kabati limelala kama mlevi.

"Bro, kuinama ni kwa picha, si kwa kabati!"

Ukacheka mpaka ukakaa chini. Nilicheka pia, lakini iliniuma. Tangu hapo wateja wakawa wanauliza, "Yule wa kuchora yuko?" Na mwenye karakana ni mimi!

Wiki jana akaja mathe mmoja, mama mkulima kutoka Kuresoi, anataka mkokoteni wa viazi. "Nionyeshe kwanza kwa karatasi," akasema, "ama niende kwa jirani yako." Nikamwambia arudi Ijumaa. Siku tatu nikachora magurudumu kama viazi vyenyewe. Ndipo nikakumbuka ulivyokuwa ukinisumbua: duara lianzie ndani ya mraba, na ukichora mstari, usiangalie penseli. Weka nukta pale unaenda, angalia hapo, mkono utafuata.

Miaka hiyo yote mimi nilikuwa naangalia mkono wako, nikiuchukia. Kumbe wewe ulikuwa unaangalia Naivasha.

Ijumaa mathe akashika karatasi, akaigeuza, akagusa gurudumu kwa kidole.

"Hii si imechorwa na yule mdogo wako?"

"Wapi! Yule nilimfunza mimi."

Akacheka, akasema nianze kukata chuma.

Basi ukija Krismasi na umkute huyo mathe hapa Nakuru, tafadhali usinirekebishe mbele yake. Na uniletee penseli kama yako, hii yangu haina akili. Wivu bado ninao, lakini karakana imenyamaza sana bila kicheko chako.

Kaka yako mkubwa,
mwalimu wako tangu Ijumaa