Uwanja Usiokwisha Mashua

Jumapili, 2 Machi

Leo miaka mitatu na miezi minne tangu niondoke nyumbani. Niliaga kwamba naenda mwaka mmoja. Mwaka!

Nimefua, nimelala, nimempigia dada. Habari si nzuri. Macho ya mama. Hospitali wamesema ni presha ya macho, na kilichokwisha kupotea hakirudi. Kilichobaki wanajaribu kukishikilia kwa dawa ya matone, lakini hawaahidi kitu. Dada akampa mama simu, ile ya kuonana. Mama akaisogeza mpaka puani. Anasema ananiona kama sarafu chini ya maji. "Njoo nikuone vizuri, mwanangu. Sauti yako haitanipotea. Sura ndiyo sina uhakika nayo." Halafu akauliza kama nimenenepa. Nikasema ndiyo. Uongo.

Nataka kwenda. Nitakwenda. Kilichobaki ni namna.

Jumatatu, 3 Machi

Nimemweleza Nahodha. Ndiye mwenye uwanja. Jina hilo kalipata kwa kofia yake tu, maana majini haingii kupita magoti. Yeye ananunua mashua ndogo za tanga zilizochakaa. Mimi naziba, nasugua, napaka rangi. Halafu zinauzwa. Au zilikuwa zinauzwa. Sasa ziko tano, zimekaa tu, ndege wanazigeuza choo.

Amejikuna kidevu. Kijana, siku uwanja huu ukibaki mtupu, tiketi yako iko juu yangu. Uza wewe. Kwenye ule ukurasa wa matangazo wa mtandaoni, wanakouza makochi na friji. Yeye na simu hawaivi chungu kimoja.

Mimi! Darasa la saba sikulimaliza. Lakini kuandika najua. Hiki ninachoandika ni nini?

Tumepeana mikono. Mashua tano basi.

Jumatano, 5 Machi

Siku nzima picha. Kwanza naimwagia mashua maji. Mwili wake wa faiba uliopauka ukilowa unang'aa kama umetoka dukani jana. Shida ni matanga. Manne yana ukungu mweusi na viraka juu ya viraka. Moja tu ndilo jeupe, la ile mashua ya bluu. Nikalitumia hilohilo. Napandisha kwenye mlingoti, napiga picha, nashusha, nahamia mashua ya pili. Mgongo umekatika! Lakini matangazo yote matano yako hewani. Kila moja nimeandika "kama mpya".

Fundi wa kuchomelea, ninayekaa naye chumba kimoja, ameziangalia akapiga mluzi. "Kumbe unashinda na vyombo vya matajiri, halafu sabuni unaniazima mimi!"

Nimejiona mjanja sana.

Jumamosi, 8 Machi

Watu wa mtandaoni! "Bado ipo?" Ipo. Kimya. "Bado ipo?" Ipo, karibu uione. Kimya. Utadhani wanamjulia hali mgonjwa. Mmoja anataka tubadilishane, anipe kitanda na godoro. Mwingine kauliza injini imekaa upande gani. Nikamjibu haina injini, inakwenda kwa upepo. Akauliza: na upepo mnaleta nyinyi?

Ila watatu wamesema watakuja wiki ijayo. Mungu awape miguu.

Jumanne, 11 Machi

Nimeumbuka.

Mtu ameandika chini ya tangazo, peupe, kila mtu asome: "Mashua tano, shati moja!" Kumbe ile namba nyekundu juu ya tanga, 118, ni ya mashua yenyewe, kama ya gari. Kila mashua na yake. Nami nimeipiga picha mara tano! Nilidhani ni pambo. Miaka yote hii nasugua mashua, na sijawahi kupanda hata moja ikiwa majini.

Wamecheka mpaka basi. Mmoja amenipa pongezi kwa kuzaa mapacha watano. Mwingine kauliza kama mashua zinaazimana na viatu. Adhuhuri akaunti imefungwa. Sababu: udanganyifu. Wale watatu wa kuja kuona, wawili wamenitukana, wa tatu hapokei simu.

Nahodha hakupaza sauti. Ningependa apaze. Alisema tu kwamba jina la uwanja limechafuka, na labda tuache, tungoje watu wasahau.

Wasahau lini? Mama hana muda wa kungoja watu wasahau.

Jumatano, 12 Machi

Sikuacha. Nimefungua akaunti mpya, safari hii kwa jina langu, namba yangu, na sura yangu hii iliyochoka. Nimepiga picha upya. Bila maji. Kila mashua na tanga lake, ukungu wake, viraka vyake. Na maneno nimebadilisha. Ile fupi pana, ninayoiita Kiatu, nimeiandikia hivi: "Inavuja pale unapopita ule ubao wa kushusha majini, unaoizuia isiende upande. Ukisafiri saa moja utachota kikombe kimoja cha maji. Usukani mzima. Tanga lina viraka vitatu, nimevishona mwenyewe, havitoki." Juu kabisa nimeandika kwamba mimi ndiye yule wa shati moja, na namba hizi mnazoziona sasa ni za kweli.

Nahodha amesoma kwa kunong'ona, kidole juu ya kioo. Akasema hivyo ndivyo watu wanavyofukuza wateja. Nikamwambia wateja tulishawafukuza, sasa tunawaita.

Nimemwonyesha jinsi ya kufungua ukurasa, ili aone mwenyewe watu wakiuliza. Amevaa miwani. Amekaa na ukurasa huo mpaka chaji ya simu yangu ikaisha.

Jumapili, 16 Machi

Mbili zimekwenda! Moja kwa baba na binti zake, moja kwa kinyozi anayesema tangu utotoni alitaka chombo kisichopiga kelele. Wote walianza kwa kunicheka: "Wewe ndiye wa shati?" Ndiye. Wakicheka wanakaa, wakikaa wanauliza, wakiuliza wananunua. Kinyozi aligonga mlingoti kwa kucha akasema angalau wewe umeniambia ugonjwa kabla ya ndoa.

Mikono imechubuka kwa kamba. Sijali.

Jumatano, 19 Machi

Ya tatu imeondoka na mvua. Zimebaki Kiatu na ile ya bluu. Nimepalilia majani pale zilipokuwa zimekaa. Udongo wa chini mweupe, haujaona jua miaka. Dada nimemwambia aandae kitanda. Akasema kaka, usimwambie mama bado, asije akaanza kukaa mlangoni.

Jumamosi, 22 Machi

Amekuja mama mmoja, nesi mstaafu, kuiona Kiatu. Hakuuliza bei. Hakuuliza inavuja wapi. Aliomba ngazi. Akapanda, mashua ikiwa juu ya trela, katikati ya uwanja, hakuna maji hata ya kunawa. Akakaa nyuma, akashika mkono wa usukani, akafumba macho. Tukasimama. Fundi alikuwa amenipitia, akaninong'oneza: usimsemeshe, yuko safarini.

Alikaa sana. Aliposhuka akasema kwamba marehemu mumewe alikuwa nayo ya namna hii, na nayo ilivuja. "Kikombe kimoja? Yetu ilikuwa ndoo." Ameichukua.

Imebaki moja! Ya bluu, yenye lile tanga jeupe. Kesho nalala mchana kutwa.

Jumatatu, 24 Machi

Asubuhi nimesikia trela. Nahodha ameshuka anacheka peke yake. Nyuma yake mashua mbili, moja imefunikwa juu ya nyingine, zote zimeoza ukingoni. Bei ya kutupa, kijana! Mtu alikuwa anazitoa karibu bure!

Umeziona wapi?

Kwenye ule ukurasa wako.

Nani alimfundisha kuufungua? Mimi. Mimi na mdomo wangu.

Nikamuuliza, na makubaliano? Akanishika bega. Ahadi iko palepale. Uwanja ukibaki mtupu. Na hakuwa ananitania, hilo ndilo lililonichoma. Anaamini. Anaupenda kila mkweche kama mtoto wake, halafu anasema wa mwisho ni huu. Nimejaribu kukumbuka siku moja tu, tangu nifike hapa, uwanja huu ulipokuwa mtupu. Sikuipata. Nimekuwa natwanga maji kwenye kinu, na mchi nimeuchonga mwenyewe.

Jumatano, 26 Machi

Dada kapiga. Mama alimimina chai nje ya kikombe, mezani, akaendelea kumimina. Jicho la kushoto limekwisha. La kulia linaona kama kupitia tundu la ufunguo. Hakulia. Alisema tu wafute meza.

Nimekwenda kwa wakala wa tiketi kabla sijala. Fedha ni ile niliyokuwa nadunduliza ya pikipiki. Pikipiki itanisubiri, haina macho. Fundi amesema nikipungukiwa chakula tutakula wote, nisimrudishie. "Ila sabuni urudishe."

Ijumaa, 28 Machi

Leo asubuhi mashua ya bluu imeuzwa, kwa wanafunzi wawili wa chuo. Zile mbili mbovu bado. Nilikuwa nazisugua – kazi ni kazi mpaka siku ya mwisho – Nahodha akapiga simu. Nifungue lango, yuko njiani na nyingine. Nzuri sana hii. Ya mwisho.

Sikufungua. Nimeweka komeo kwa ndani, nimekaa juu ya tairi, naandika. Kashafika. Anapiga honi. Jirani anayeuza matofali ametoka kuuliza kuna nini, kaambiwa lango limekwama.

Nimekwenda kwenye uwazi wa lango. Nikamwambia Nahodha, ukiingiza au usiingize, mimi nimeshakata tiketi, kwa fedha yangu. Hizi mbili nakuachia zimezibwa, na matangazo yake yameandikwa. Hiyo ya nje utaisugua mwenyewe. Akavua ile kofia. Akaniambia fungua kwanza, tutaongea. Nikamwambia tunaongea sasa. Akasema, hata hujaiona ilivyo. Nikamjibu sitaki kuiona.

Sasa honi tena. Fupi. Halafu ndefu.

Dada nimemwandikia muda huu huu, na nimemwambia sasa amwambie mama, na akitaka kukaa mlangoni akae. Naondoka Ijumaa ijayo, tarehe 4. Kulikuwa na ndege ya bei nafuu zaidi inayofika usiku, nikaikataa. Jumapili, tarehe 6 Aprili, saa tatu asubuhi, niko mbele yake, nje, juani, penye mwanga wote.