Yai Moja

Jumatatu, 14 Aprili 2025

Kidonge cha mchana nimekimezea katika ofisi ya walimu. Wiki ya tatu sasa. Mwalimu mwenzangu ameuliza naumwa nini, nikasema vidonda vya tumbo. Uongo huo umenitoka kirahisi.

Nina miaka thelathini na sita. Daktari anasema mayai yangu yamebaki machache kuliko ilivyo kawaida kwa umri huu. Homoni hii, DHEA, huenda ikayasaidia. Huenda isisaidie, hata wao hawana uhakika. Ninywe wiki kumi, kisha sindano, kisha yatolewe yarutubishwe maabara.

Nimeshika hiyo "huenda" ya kwanza. Ya pili sitaki kuisikia.

Jumamosi, 26 Aprili

Chunusi kama msichana wa kidato cha pili. Na nywele kidevuni. Tatu, nyeusi, ngumu. Nimezing'oa mbele ya kioo.

Idi akasimama mlangoni. "Bado u mzuri, mke wangu."

Nilimfokea. Hakustahili.

Alhamisi, 15 Mei

Mama mkwe amekuja kutoka kijijini kwake, Busi, na majogoo wawili. Nilikuwa nachambua choroko jikoni, akaikuta chupa ya vidonge dirishani. Sikuificha. Nimechoka kuficha.

"Dawa ya nini hii, mwanangu?"

Nikamweleza yote. Nilikuwa nimejiandaa kusikia habari za mke wa pili. Miaka tisa ya ndoa, nani angemlaumu?

Akavuta ungo, akaanza kuchambua na mimi. Baadaye sana akasema, "Mimi nilizika watatu kabla ya Idi. Hakuna aliyeniuliza kama nimechoka. Wewe umechoka?"

Nililia mpaka choroko zikamwagika.

Jumanne, 10 Juni

Sindano zimeanza. Idi ndiye ananichoma, tumboni, saa moja jioni. Ni fundi, anafungua majokofu ya watu bila wasiwasi, lakini sindano inamtisha. Anasema bismillahi, anafumba macho. Namwambia afumbue.

Jumatano, 18 Juni

Kipimo. Vifuko viwili tu vya mayai vimekua. Wenzangu pale kwenye benchi wanataja nane, kumi. Nikajifanya nasoma simu.

Ijumaa, 20 Juni

Dar es Salaam. Jana tulikuja na treni kutoka Dodoma. Leo wamenilaza usingizi, wametoa mayai. Kifuko kimoja kilikuwa kitupu.

Yai moja.

Nimeswali nimekaa. Nimeliombea hilo moja kama anavyoombewa mtu aliye safarini.

Jumamosi, 21 Juni

Wamepiga simu saa nne asubuhi. Halikurutubika.

Idi alikuwa anamenya chungwa. Akaendelea kumenya mpaka likaisha ganda, akaliweka mezani. Hakuna aliyelila.

Jumatatu, 23 Juni

Nimemuuliza daktari: vile vidonge vilisaidia? Pengine bila hivyo nisingepata hata moja, kasema. Pengine ingekuwa vilevile. "Hatuwezi kujua, dada."

Angalau hakunidanganya. Lakini namchukia. Ameeleza pia habari ya yai la mwanamke mwingine. Idi akatazama chini. Dini yetu hairuhusu, tunajua wote. Nikasema hapana, asante. Sauti yangu ilitoka safi kabisa.

Jumatano, 25 Juni

Dodoma. Vumbi, upepo, baridi. Nimelala mchana kutwa. Sina wa kumlaumu na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Jumamosi, 5 Julai

Busi. Shule bado zimefungwa. Mama mkwe alituita tusaidie kupura ulezi.

Jirani mmoja akaja na fimbo yake ya kupuria. Baada ya salamu akamgeukia mama, kana kwamba mimi sipo. "Huyu mkwe wako, miaka yote hii, hajaleta kitu?"

Nikainamia ulezi.

"Amejileta mwenyewe," mama akasema. "Shika upande huo, tupure."

Tukapura. Jirani naye akapura. Mchana tukala ugali na mlenda, nikaongeza mara mbili. Idi alisinzia kwenye mkeka. Nikakaa karibu naye, nikinyoosha miguu juani.

Leo sikulia.